Kwa Nini Barabara ya Ridhaa Hupinda Pasipo na Kitu

Anayetaka kusikia asogee, na asiyetaka asogee pia, maana barabara haibagui mpitaji.

Hapo kale barabara ya Ridhaa ilikuwa bado haijajifunza kupinda. Ilishuka kutoka kinu cha miwa hadi gatini imenyooka kama kamba inayovutwa na watu wawili wasiopendana. Na kwa kweli ilipimwa kwa kamba, kwa sababu mwenye shamba aliyeichora hakutaka mkokoteni wa sukari upoteze hata hatua moja kwa kukwepa kitu. Palipokuwa na mti, mti ulikatwa. Palipokuwa na kibanda, kibanda kilihamishwa. Husemwa kwamba shelisheli likimponyoka mtu pale kinuni, lilifika baharini bila kuuliza njia.

Ridhaa ni kata ndogo katika kisiwa kimoja cha Karibiani, ng'ambo ya bahari ile kubwa inayopokea pepo kutoka Afrika. Upande mmoja ina mlima, upande wa pili maji ya chumvi, na katikati mto unaofurika mara mbili kwa mwaka na kusahauliwa miezi iliyobaki. Jina la Ridhaa lilitolewa na huyo mwenye shamba, ambaye hakulala huko hata siku moja. Yeye aliridhika akiwa mbali. Watu wa kwanza wa mahali pale, waliokuwepo kabla ya miwa, walimalizwa mapema, na walichoacha ni jina la mto na vigae ambavyo majembe huvifukua hadi leo. Waliofuata waliletwa na merikebu wakiwa katika minyororo, na kuhusu ridhaa yao hakuna aliyewauliza.

Watu hawa walipopewa uhuru, walipewa uhuru mtupu. Ardhi ilibaki kuwa ya shamba. Mtu aliruhusiwa kusimamisha nyumba kando ya barabara, ila siku akigombana na msimamizi, aiondoe. Basi wakabuni nyumba za kuondoka. Zilikuwa za mbao, vyumba viwili, zimeunganishwa kwa vigingi badala ya misumari, nazo hazikuchimbiwa msingi. Zilikalishwa juu ya mawe matano, manne ya pembeni na moja la katikati. Ukimtukana msimamizi Jumatatu, Jumanne majirani walikuja kukufungulia kuta, na jioni ulikuwa ukipika penginepo. Mbao zilikuwa zako. Ardhi ilikuwa yake. Mawe hayakuandikwa popote kuwa ni ya nani, kwa hiyo watu wa Ridhaa waliyapenda kuliko vyote.

Miaka ikapita, sukari ikapata mabwana wengine nchi nyingine, shamba likafilisika, na msimamizi akapanda meli akiwa na kofia mbili kichwani kwa sababu sanduku lilijaa. Watu walibaki na ardhi ambayo hakuna aliyewapa na hakuna aliyewanyang'anya. Walilima majimbi na viazi vikuu, wakafuga mbuzi. Ingekuwa hadithi ya furaha kama ingeishia hapo.

Ndipo ikaja habari ya mfereji. Kwenye shingo ya bara, safari ya siku nyingi kwa meli, watu walikuwa wakiikata nchi vipande viwili ili bahari mbili zisalimiane, na walihitaji mikono. Vijana wa Ridhaa waliyasikia hayo kama mbuzi wanavyosikia maganda ya ndizi yakimwagwa. Nauli ya meli ilitaka kitu kiuzwe, na kitu pekee cha kijana kilikuwa nyumba yake. Wanunuzi walikuja kutoka kata ya jirani, wakafungua kuta, wakabeba mbao vichwani. Mawe hawakuyachukua. Nyumba saba za kando ya barabara ziliondoka namna hiyo, wenyewe wakenda upande mmoja na kuta zao upande mwingine.

Nyumba ya saba, ile ya karibu na gati, ilikuwa ya Lemuel, mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Zilpha Bascombe. Zilpha alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mkono mzito wa kukaanga kahawa na mwepesi wa kila kitu kingine. Siku ya kuondoka, Lemuel hakumwambia mengi. Alimwomba tu asiruhusu majani yaote kati ya mawe, kwa sababu majani yakishaota mahali, mbuzi huingia, na mbuzi akishaingia huja mtu kudai kuwa ni malisho yake. Zilpha akawa anafagia pale kila Jumamosi. Wanawake wengine sita nao wakafagia kwao, mmoja mawe ya mumewe, mwingine ya kaka yake, na barabara nzima ya Ridhaa ikawa na vyumba safi visivyokuwa na kuta.

Sasa sikilizeni adabu moja ya huko. Lugha yao si hii yetu, lakini nayo ina namna yake ya kumtenga aliyepo na aliyekuwepo. Katika Ridhaa, mtu akisafiri hasemwi kwa maneno ya zamani. Ukipita mbele ya mawe ya Lemuel, ulisema, "Hapa anakaa Lemuel." Kusema "alikaa" kulikuwa sawa na kumfungia mlango angali njiani. Neno hilo lilingoja barua ya msiba, na barua ikishafika ndipo lilipotamkwa, tena kwa mara ya kwanza na mama au mke, kisha na wengine.

Serikali haikuijua adabu hiyo. Serikali ilikuwa mjini, nayo iliamua kwamba njia ya mikokoteni ya Ridhaa ifanywe barabara halisi, pana, ya kokoto. Ikatuma karani wa ramani aje kuonyesha kila nyumba ilipo. Karani huyo alipanda nyumbu, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na nyumbu mpole, aliona heri avuke Ridhaa yote bila kushuka na bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Kila hatua kadhaa aliuliza, "Hapa anakaa nani?" na wanawake, watu wa adabu, wakamjibu. Ramani ilirudi mjini ikiwa na nyumba saba za ziada, nzuri, zilizochorwa hadi madirisha.

Mwaka uliofuata akaja mhandisi mwenyewe, Bwana Thorne, mtu mwembamba mwenye miwani na subira, akaikuta ramani yake imejaa nyumba na barabara imejaa mawe. Mtu mwingine angeicheka na kuichana. Lakini ramani ilikwisha pigwa muhuri, na kitu chenye muhuri hakiwi uongo hivihivi. Hutakiwa kukanushwa kwa fomu. Fomu ilikuwapo. Ilisema kwamba makazi ya mtu aliye hai hayapitiwi na barabara bila saini ya mkono wake, na kama hayupo, barabara izunguke mpaka atakaporudi kutia saini. Chini ya maelezo hayo palikuwa na visanduku viwili: ANAKAA, na ALIKAA.

Bwana Thorne alianza juu, kwenye kinu. Wanawake sita, mmoja baada ya mwingine, walimwambia kwamba mwenye mawe anakaa, na hawakusema uongo, kwani hapakuwa na barua iliyosema vinginevyo. Mara sita mhandisi akatia alama kisanduku cha kwanza, na mara sita mtu wake wa kamba akachomoa vigingi na kuvihamishia kando. Wanasema alipofika chini karibu na gati, alitazama nyuma, akaona vigingi vyake vimekaa kama mwendo wa mlevi, akapumua kwa nguvu, akasema kwamba angalau hapa mwisho patanyooka.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amepita dukani. Na dukani, kila mtu alikuwa anajua kwamba kwa Zilpha barua imefika.

Ilifika siku nne kabla yake. Zilpha hakujua kusoma, akasomewa na Mwalimu Eulalie, ambaye pia ndiye aliyekuwa posta, kwa kuwa serikali ilikuwa imegundua kwamba mtu mmoja akipewa kazi mbili mshahara hubaki mmoja. Barua ilikuwa fupi. Baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Lemuel Bascombe alizikwa na wenzake kumi na mmoja kilimani, chini ya kibao chenye namba, na namba yenyewe imeandikwa hapa chini. Mwalimu aliisoma ile namba mara mbili, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Zilpha akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda kukaanga kahawa ya matanga.

Na matanga ya huko si jambo la kupunguza. Ni siku tisa. Watu huja na mkate na kahawa, huimba, hucheka, humsema marehemu mema na mabaya yake, na siku ya tisa hugeuza godoro na viti vya nyumba nzima ili roho ikirudi isipatambue, iende zake ikapumzike. Asiyesindikizwa hivyo, walisema, hubaki njiani. Zilpha alikwisha chagua mbuzi. Alikuwa akingoja Jumamosi tu, afagie kwanza.

Bwana Thorne alimkuta akifagia. Alivua kofia, akampa pole, akasema amesikia dukani. Zilpha akamjibu kwamba dukani husemwa mengi.

"Ni wajibu wangu kukuuliza, Mama," akasema mhandisi. "Lemuel Bascombe. Anakaa hapa, au alikaa hapa?"

Zilpha akauliza, kabla hajajibu, ni nini kitatokea kwa kila jibu. Mhandisi akamweleza. Ikiwa alikaa, mawe yatang'olewa yasagwe kokoto, barabara ipite. Zilpha akataka kujua kama hata makaburi hung'olewa. Mhandisi akasema hapana, kaburi lina heshima yake katika sheria, barabara hulizunguka. Lakini kaburi sharti liwe na mtu ndani.

"Kwa hiyo aliye hai huzungukwa," akasema Zilpha polepole, kama anayepima kitambaa. "Na aliyezikwa huzungukwa."

"Ndiyo, Mama."

"Wangu mimi ndiye wa kukanyagwa."

Bwana Thorne alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mtu mwema, na watu wema serikalini hupata taabu kubwa ya miwani. Akamwambia yale ambayo fomu haikumtaka aseme: kwamba akitia alama ANAKAA, nakala moja itakwenda kwa msajili wa vifo na nyingine kwa mchungaji. Hapatakuwa na cheti. Hapatakuwa na kengele. Matanga yakifanyika, msajili atauliza ni ya nani, na alama itafutwa, na watu wa kokoto watarudi. Mtu hawezi kuwa hai kwenye Idara ya Barabara na maiti kanisani.

Zilpha aliyatazama mawe. Matano tu, meusi, ya mtoni. Mwanawe aliyabeba mwenyewe moja moja, na lile la katikati lilimshinda, akalibingirisha. Kilimani kule palikuwa na namba. Duniani kote, mahali pekee palipokuwa pakiitwa pa Lemuel ni hapa, hatua nane kwa sita, pasipo na ukuta. Apaache, amlilie mwanawe kama mama wengine, amsindikize akapumzike. Au apashike, na asimlilie kamwe.

Mtu wa kamba alikwisha keti chini.

"Anakaa," akasema Zilpha.

Kalamu ya mhandisi ilikuwa na swali jingine. Fomu ilitaka kujua mwenye makazi yuko wapi kwa sasa.

"Kazini."

Bwana Thorne akaandika *kazini*. Kisha akamwamuru mtu wake achomoe vigingi.

Mchana ule ule wanawake walikuja. Walikuja kwa msafara, wamevaa nyeupe, wamebeba mikate na birika, na mbele yao Ianthe, jirani yake Zilpha tangu utotoni, mwenye ulimi ambao mumewe alisemekana kuukimbia hadi mferejini. Zilpha aliwasimamisha mlangoni mwa nyumba yake, jirani na mawe. Aliwaambia kwamba hakuna matanga. Kwamba amekwisha sema anakaa, na karatasi imeandika. Wengine waliinamisha macho. Ianthe hakuinamisha.

"Zilpha, mdogo wangu, huyu ni mtoto wako. Si kiwanja."

"Najua."

"Utamwacha bila kusindikizwa? Abaki njiani?"

"Njia yenyewe ndiyo inayomzunguka," akasema Zilpha. "Abaki. Mimi nipo."

Ianthe akaweka birika chini kwenye kizingiti. Akasema kahawa imekwisha pikwa, na hakuna sheria inayokataza watu kunywa kahawa ya mtu aliye hai. Wakaketi, wakanywa. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyelitaja jina. Walizungumza habari za mvua na za nguruwe wa mchungaji, na Zilpha aliwamiminia mmoja mmoja, hadi birika likaisha. Kisha wakaondoka na mikate yao.

Asubuhi yake, Ianthe alipokuwa akipita kwenda mtoni, alisimama mbele ya mawe akapaza sauti, kiasi cha kusikika na watu wa kokoto waliokuwa wakipakua mikokoteni.

"Zilpha! Lemuel hajambo?"

Zilpha aliinua uso. Ufagio ulikuwa mkononi.

"Hajambo," akasema.

Kesho yake akauliza Mwalimu Eulalie. Keshokutwa mwenye duka. Baada ya hapo ikawa kila anayepita humuuliza, wazima kwa wagonjwa, hata mchungaji, ambaye nakala yake ilikuwa kabatini. Hawakumuuliza kwa mzaha. Waliona kwamba kama mzigo wenyewe hauwezi kutuliwa, basi angalau ushikwe na wengi. Barabara iliisha, imepinda mara saba pasipo mlima wala mto, na afisa aliyekuja kuizindua alitapika kwenye kona ya tano. Watu wa kokoto walirudi mjini. Bado Ridhaa iliuliza, na Zilpha alijibu, asubuhi na jioni, miaka thelathini na mmoja.

Mara moja tu aliteleza. Alikuwa mzee sana, amekalishwa kibarazani kwa sababu miguu ilikataa, na aliyekuwa akifagia kati ya mawe siku hizo alikuwa Ianthe, mzee naye, akiushikilia ufagio kwa kuuegemea. Ianthe aliinuka, akapumua, akauliza kama desturi, Lemuel hajambo?

Zilpha hakusema hajambo. Alikuwa akitazama mahali pale pa hatua nane kwa sita, na uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua ndoo.

"Alikuwa mtoto mzuri," akasema.

Ianthe alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Alikuwepo punda wa mtu, amefungwa. Serikali haikuwepo. Akaja hadi kibarazani, hatua kwa hatua, akaketi karibu yake, akamshika mkono ule mzito wa kahawa.

"Ni," akamwambia, kwa upole kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. "Ni mtoto mzuri, Zilpha."

"Ni," akasema Zilpha.

Alikufa wiki ile. Yeye alipata siku zake tisa zote, na viti vikageuzwa, na huenda akapumzika.

Wale wengine sita nao, mmoja baada ya mwingine, barua zao zilikuja. Wanawake wao walisomewa, wakazikunja, wakaenda kufagia. Hakuna aliyewafundisha, walikuwa wamemwona Zilpha.

Na tangu siku ile alipotamka neno lake mbele ya kisanduku, barabara ya Ridhaa imepinda. Serikali tatu zimekuja na ramani mpya za kuinyoosha, na kila afisa huuliza hapa ni pa nani, na huambiwa anakaa fulani, yuko kazini. Vijana wameendelea kuondoka, siku hizi kwa ndege, kwenda miji yenye baridi, na wengi wao huzikwa hukohuko. Mtu wa Ridhaa akifia ng'ambo hapigiwi kengele. Jamaa zake huchagua mawe matano ya mtoni, huyapanga kando ya njia, na vichochoro vya kata nzima sasa hujikunja kama matumbo ya mbuzi. Wakati wa sensa hesabu ya Ridhaa huwa kubwa kuliko sufuria zake. Mwaka mmoja Wizara ya Afya ilituma mtaalamu apime maji ya mto, ajue ni kitu gani kinachowafikisha watu miaka mia na arobaini. Alipima wiki nzima. Maji yalikuwa maji.

Mgeni akipanda gari kule, dereva hupunguza mwendo mahali peupe pasipo na kitu, huzunguka, kisha huongeza tena. Mgeni akiuliza anakwepa nini, hujibiwa kwamba kwingine wafu huliliwa makaburini. Nao wa Ridhaa hawaliliwi. Wao hupindiwa.